Tetesi Hazitaji Kilichokatwa

Kila jioni kazi zikiisha, nashika simu kutafuta habari za simu nyingine. Hiyo ninayoifuatilia haijatangazwa bado. Imejitokeza kwa vipande vipande: mchoro wa kompyuta unaoonyesha mgongo wake, namba ya modeli kwenye orodha ya vibali, mstari mmoja wa matokeo ya Geekbench, programu ya kupima kasi ya simu. Jina lake sitaliandika, maana ninayotaka kuyasema yanazihusu simu zote za tabaka lake, zile zinazokaa hatua moja tu chini ya simu za bei kubwa kabisa. Anayenunua simu ya namna hii huwa amejinyima mengine ili aipate, na anataka imtumikie miaka.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye simu methali hii hutimia kuliko hata kwenye tetesi za usajili wa wachezaji. Siku ya uzinduzi ikifika, sehemu kubwa ya sifa tunakuwa tumeshazijua. Kinachonisumbua ni kwamba tetesi hutangaza kilichoongezwa, ilhali simu za daraja hili huundwa kwa kukata. Mtengenezaji ana kiasi cha kutumia kwenye vipuri na hawezi kukivuka, kwa sababu juu ya simu hii kuna nyingine ya kwake, ya bei kubwa zaidi, ambayo nayo inahitaji sababu ya kununuliwa. Akiweka kioo bora, fedha zimetoka mahali. Akiongeza betri, kuna kipuri kingine kimeshushwa hadhi. Kwa hiyo kila nikisoma tetesi najiuliza: cha kulipia hiki kimetoka wapi?

Swali hilo nilifundishwa na simu niliyo nayo sasa. Niliisoma kwa miezi kabla ya kuinunua, na tetesi zake zote zilikuwa kweli. Megapikseli za kamera, yaani nukta za picha zikihesabiwa kwa mamilioni, zilikuwa zile zile, kioo kile kile, wati za chaja zile zile. Wiki ya kwanza nikatoka nje na binti yangu nimpige picha akiruka kamba. Nilitaka nimnase akiwa hewani, miguu imekunjwa, kamba inapita chini yake. Nikabonyeza alipokuwa juu. Picha ikatoka ameshatua. Nikabonyeza kabla hajaruka. Ikatoka kamba kama ukungu na uso wake umecheza. Tulirudia mpaka akachoka akakaa chini, kamba mapajani. Nina picha kama arobaini za jioni ile, na katika zote miguu yake iko ardhini. Hakuna tetesi iliyowahi kugusia muda unaopita kati ya kidole na picha. Karatasi rasmi ya sifa pia haiandiki.

Muda ule una sababu zake, na zote ziko kwenye sehemu zisizotangazwa. Sensa, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, inasomwa polepole. Kitengo cha chipu, ubongo wa simu, kinachoshughulikia picha kinalemewa. Mwanga ukipungua kidogo tu, simu inaacha lenzi ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mtoto anayeruka hamsubiri mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba megapikseli, ambazo huwa za kwanza kuvuja, ndizo zinazokueleza machache kuliko vyote. Sensa ya megapikseli 108 kwa kawaida huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Ile ya 200 huunganisha kumi na sita, unapata 12.5. Pikseli ndogo hupokea mwanga kidogo, kwa hiyo simu inalazimika kuzikusanya upya ili picha isijae chengachenga. Ukiona tetesi inajivunia 200, jua kwamba picha utakayoitazama kila siku ni ya 12 na kitu.

Tazama Redmi Note 13 Pro. Nyuma ilikuwa na kamera ya megapikseli 200, ikifuatiwa na lenzi pana, ile inayoingiza eneo kubwa zaidi kwenye picha, ya megapikseli 8, halafu kamera ya vitu vya karibu ya megapikseli 2. Mizani inaonekana kwa macho: karibu kila kitu kimepelekwa kwenye namba moja itakayoandikwa kwenye boksi, na zile mbili zikabaki na makombo. Google walikwenda njia nyingine. Pixel 3a ya 2019 na Pixel 4a ya 2020 zilikuwa na kamera moja tu ya nyuma, megapikseli 12.2, na programu inayopiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Picha zake zilizishinda simu nyingi zilizokuwa na macho matatu au manne mgongoni. Ningekuwa mtengenezaji ningefuata njia hiyo bila kusita, ingawa naelewa kwa nini idara ya matangazo huikimbia.

Kwa simu ninayoingojea, tetesi zinasema kutakuwa na lenzi ya kuvuta mbali. Ninaamini, kwa sababu upepo unavuma huko. Nothing Phone (3a), iliyotoka Machi 2025, ilipewa lenzi ya kuvuta mara mbili yenye sensa ya megapikseli 50, kitu ambacho simu za tabaka lake kwa miaka mingi zilikikosa. Ni hatua nzuri, na kwa wanaopenda kupiga picha za watu ni nzuri zaidi, kwa sababu uso ukipigwa kwa lenzi ya kuvuta haupanuki pua. Lakini katika simu hiyo hiyo lenzi pana ilibaki ya megapikseli 8. Kwa hiyo mtu akiniambia simu mpya inakuja na lenzi ya kuvuta, nachungulia upande wa pili, kwenye lenzi pana, nione kama ndiyo iliyolipa.

Vitu viwili vya kamera huwa navisaka kwenye tetesi hata vikiwa vimefichwa mwishoni kabisa. Kimoja ni ukubwa wa sensa, unaoandikwa kwa sehemu kama 1/1.56, namba ya chini ikiwa ndogo, sensa ni kubwa. Cha pili ni OIS, yaani lenzi inayojisogeza yenyewe kufidia mtikisiko wa mkono, na nataka kujua imewekwa kwenye kamera ngapi. OIS haitamzuia binti yangu asicheze kwenye picha, hilo niseme wazi. Inatuliza mkono wangu mimi, basi. Anayehangaika na watoto na wanyama anahitaji sensa kubwa na chipu yenye wepesi.

Na tukifika kwenye chipu, hapa pana mtego. Majina yamevurugika kiasi kwamba namba kubwa haimaanishi nguvu kubwa. Machi 2023 Qualcomm, watengenezaji wa chipu za Snapdragon, walitoa Snapdragon 7+ Gen 2, chipu ya daraja la kati iliyopewa kiini, yaani kitengo cha kufanya hesabu, cha Cortex-X2 chenye kasi ya 2.91 GHz, kiini cha ukoo unaotumika kwenye simu za juu kabisa. Novemba mwaka huo huo ikaja Snapdragon 7 Gen 3. Anayesoma namba atadhani ya tatu ni mrithi wa ya pili. Kumbe ile yenye alama ya kujumlisha ilikuwa na nguvu zaidi, na hii mpya haina kabisa kiini cha aina hiyo. Kisha kuna zenye herufi s: 7s ni dhaifu kuliko 7 ya kawaida, na 8s ni dhaifu kuliko 8. Tetesi ikisema tu "Snapdragon 7 mpya", haijasema kitu. Nangoja herufi na alama zote zitimie.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Agosti 2021 Samsung walitangaza Galaxy A52s yenye Snapdragon 778G, chipu yenye viini vinne vikubwa vya Cortex-A78 na vinne vidogo. Watu wakaipenda. Machi 2022 ikaja A53 na chipu ya Samsung wenyewe, Exynos 1280, yenye viini vikubwa viwili na vidogo sita. Simu mpya, namba kubwa zaidi, nguvu ndogo zaidi. Tundu la spika za masikioni nalo, ambalo A52s ilikuwa nalo, likaondoka. Nauleta mfano huu kwa sababu simu ninayoifuatilia nayo ni mrithi wa simu iliyosifiwa sana, na sifa za mtangulizi ndizo zinazonipa wasiwasi. Mrithi wa simu iliyouzwa vizuri hahitaji kujitutumua. Jina lilishauza.

Ndiyo maana mstari wa Geekbench ulipovuja niliusoma kwa utulivu kuliko picha zote. Alama zenyewe sikuzijali, kwa sababu simu za majaribio huwa hazijafikishwa kwenye kasi yake kamili, na matokeo yanaweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye nia. Nilitazama mpangilio wa viini. Mpangilio wa kimoja kwa vitatu kwa vinne, pamoja na kasi ya kila kundi, ni kama alama ya kidole: ukiona 2.91, kisha 2.49, kisha 1.80, hiyo ni 7+ Gen 2 hata kama jina limefichwa. Pembeni huandikwa pia RAM, kumbukumbu ya muda inayoshikilia programu zilizofunguliwa, na huwa pungufu kidogo. Ukiona gigabaiti saba na ushee ni simu ya 8, kwa sababu mfumo umeshajitengea sehemu yake.

RAM nayo ina ujanja wake. Tetesi zikitaja 16, naangalia kama ni 16 za kweli au 8 na nyingine 8 za kuazima kutoka kwenye hifadhi. Za kuazima ziko polepole mno kuliko RAM yenyewe, na nisingependa mtu achague simu kwa ajili yake. Na kuanzia mwishoni mwa 2025 hali imebana. Bei ya chipu za kumbukumbu imepanda kwa kasi kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia. Desemba 2025 Micron, mmoja wa watengenezaji wa chipu hizo, walitangaza hata kuachana na biashara yao ya Crucial, chapa iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida. Simu za daraja hili ndizo zitakazoumia, maana hazina faida nono ya kumeza gharama hiyo. Kwa hiyo nikisikia simu ya mwaka huu itakuwa na RAM ile ile ya mwaka jana kwa bei ile ile, nahesabu hilo kuwa habari njema, wala silalamiki kwamba hakuna jipya.

Kinachoniudhi zaidi ni ukimya kuhusu aina ya hifadhi. Watu hutangaza ukubwa, 128 au 256, na hakuna anayeuliza kasi. Ipo eMMC ya zamani, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ipo UFS 2.2, inayoweza. Ipo UFS 3.1, ambayo njia yake ya data ina uwezo wa karibu mara mbili ya 2.2. Siku ya kwanza hutaona tofauti. Utaiona mwaka wa pili, hifadhi imejaa nusu, programu zinajisasisha zenyewe na wewe unataka kufungua kamera haraka. Simu inaganda sekunde mbili, tatu, halafu inarudi. Watu husema simu imezeeka. Mara nyingi ni hifadhi ya bei rahisi inayolemewa, na uamuzi huo ulifanyika kiwandani kabla hata tetesi ya kwanza haijaandikwa. Simu ya tabaka hili ikitoka leo na UFS 2.2, mimi siinunui.

Kioo hakinipi shaka. Kioo cha AMOLED cha 120Hz, kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde, kimeshakuwa kawaida, na namba za mwangaza zinazotajwa kwa maelfu ya niti hupimwa kwenye eneo dogo la kioo kwa muda mfupi, kwa hiyo sizitilii maanani. Jambo moja tu: michoro iliyovuja huwa inapunguza kidevu, yaani ukingo mweusi ulio chini ya kioo. Michoro hiyo mingi hutokana na vipimo vinavyotumwa kwa watengenezaji wa kava, na vipimo hivyo husema ukubwa wa mwili na mahali pa vitufe, havisemi kioo kinaishia wapi hasa. Simu halisi ikitoka, kidevu kitakuwa kimeota kidogo.

Betri ndiyo sehemu ninayoingoja kwa hamu kuliko zote, kwa sababu hapo kuna badiliko la kweli. Kwa miaka mingi tulikwama kwenye 5000mAh, kipimo cha chaji ambayo betri hubeba. Kisha zikaja betri ambazo ncha yake hasi imechanganywa silikoni na kaboni, na Honor wakaiweka kwenye Magic5 Pro ya soko la China mwaka 2023. Silikoni hubeba chaji nyingi zaidi ya grafiti ya betri za kawaida kwa ujazo ule ule, ndiyo maana Realme GT 7 ya 2025 ilibeba 7000mAh bila kuwa tofali. Kasoro yake ni kwamba silikoni huvimba sana inapopokea chaji na kunywea inapotoa, na uvimbe huo ukirudiwa mara mamia huichosha betri. Watengenezaji wanaidhibiti kwa kuichanganya na kaboni, na wamefanikiwa kwa kiasi kikubwa. Ila nikiambiwa simu inayokuja ina betri kubwa kuliko iliyopita, swali langu linahama kutoka saa za siku moja hadi miaka: baada ya mizunguko mingapi itaanza kuchoka?

Zamani swali hilo halikuwa na jibu kabla ya kununua. Tangu 20 Juni 2025 lina jibu, angalau kwa simu zinazouzwa Umoja wa Ulaya. Sheria zao mpya zinadai betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na kila simu ibandikwe lebo inayosema betri inadumu saa ngapi kwa chaji moja, mizunguko mingapi, simu inahimili vipi kuanguka, inatengenezeka kwa urahisi kiasi gani na inazuia maji kwa kiwango gani. Taarifa hizo huwekwa kwenye daftari la wazi liitwalo EPREL, na mara nyingine simu huonekana humo kabla ya uzinduzi. Mtu akiniuliza achungulie wapi, namwelekeza huko kabla ya picha yoyote iliyovuja. Hata asiyeishi Ulaya anafaidika, ilimradi ahakikishe namba ya modeli ni ile ile, kwa sababu simu yenye jina moja inaweza kuwa na betri ndogo au chipu nyingine kulingana na soko.

Kuhusu chaja, orodha ya vibali vya 3C, vibali vya lazima vya bidhaa nchini China, ndiyo huwa ya kwanza kufichua. Haiandiki wati. Inaandika volti na ampea, nawe unazidisha mwenyewe. Usiku mmoja niliona 11V na 6.1A, nikazidisha, nikapata 67, na moyo ukatulia: siyo namba ya kutisha, lakini betri kubwa itajaa ndani ya muda wa mtu kujiandaa asubuhi na kutoka. Wati zaidi ya hapo kwenye simu ya tabaka hili huwa naziona kama fedha iliyopelekwa mahali pasipohitaji. Na chaja yenyewe huenda isiwemo kwenye boksi. Hilo nalo ni kukata.

Upande wa masasisho ya mfumo mambo yamekuwa mazuri kweli. Pixel 8a ya 2024 iliahidiwa miaka saba. Galaxy A56 ya 2025 iliahidiwa miaka sita, wakati A54 miaka miwili nyuma ilipewa matoleo manne ya Android na miaka mitano ya usalama. A56 hiyo hiyo ilipoteza nafasi ya kadi ya kumbukumbu iliyokuwepo kwenye A55, na ukiyaweka mawili hayo pamoja unaona hatari: simu ya kuishi miaka sita, ambayo hifadhi yake haiwezi kuongezwa tena. Anayepanga kukaa nayo muda huo wote achukue ile ya 256 tangu mwanzo.

Kuzuia maji nalipitia haraka. IP67 ni mita moja kwa nusu saa, IP68 ni zaidi ya hapo kwa kina anachokitaja mtengenezaji, IP64 ni matone na mvua tu. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi wala sabuni, simu ikiwa mpya.

Hata tetesi zikikamilika, kuna mambo hazitakuambia mpaka simu iwe mikononi mwa watu. Pixel 9a ilivuja yote, umbo lake jipya lisilo na nundu ya kamera likiwemo. Ilipotangazwa rasmi Machi 2025, Google wakasema mauzo yatasubiri kwa sababu walikuwa wakichunguza tatizo la ubora wa kipuri kwenye idadi ndogo ya simu, na ikaanza kuuzwa Aprili. Hakuna mchoro wala kibali ambacho kingelionyesha hilo. Mimi nimeshaamua: simu yangu ikizinduliwa nitangoja mwezi mzima, nisome wanasemaje waliochajia usiku, waliopiga simu wakiwa ndani ya lifti, waliorekodi video juani mpaka ikachemka.

Nikiona UFS 3.1 kwenye karatasi, lenzi pana ambayo haikutolewa kafara, na chipu iliyo juu ya ile ya mtangulizi kwa viini na si kwa jina tu, nitakwenda kuishika. Sitaanza na programu za kupima kasi. Nitaomba nitoke nayo hadi mlangoni penye mwanga, binti yangu akiwa na kamba yake mkononi, nimwambie aruke.